Ombi la Kuondoka Nchini Ili Nirejeshwe

Kwa Mkurugenzi,
Mpango wa Kuwarejesha Wanasayansi Walio Ng'ambo.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima, na ukiwa ndani ya nchi. Mimi ni mtafiti wa mbu. Nina miaka kumi na moja katika chumba kimoja, nikifuga mbu wa kujaribia dawa mpya, na sijawahi kuondoka. Kosa hilo nalikiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtafiti mliyemrejesha mwezi uliopita nilisoma naye darasa moja, na kwenye mitihani alikuwa akichungulia kwangu. Alipokelewa kwa zulia, maua na hotuba tatu. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

2. Ili asijutie kurudi, kiyoyozi cha chumba cha mbu kimehamishiwa ofisini kwake. Mbu wangu sasa wanakufa kwa joto. Ninawatundikia vitambaa vilivyoloa na kuwapepea kwa ripoti yangu ya mwaka jana, ambayo hatimaye imepata matumizi. Wakiisha, kazi ya miaka kumi na moja imekwenda na maji, na hilo, mheshimiwa, linaniuma kweli.

3. Nilijaza fomu yenu. Penye "tarehe ya kuondoka nchini" nikaandika: bado. Karani akanitazama kwa huruma: "Sasa dada yangu, utarudije na hujaenda?"

4. Mama yangu ameanza kuwaambia majirani kwamba niko ng'ambo. Nikienda kumwamkia, ananipitisha mlango wa nyuma.

Kwa hiyo naomba nisafirishwe nje kwa muda mtakaoona unatosha mtu kuwa mtaalamu. Wiki mbili nadhani zitanitosha. Koti zito ninalo, na kulalamikia vumbi nimeshajifunza. Kisha mnibembeleze nirudi. Nitakataa mara moja tu, kwa heshima.

Nisalimie wasaidizi wako wote, karani wa fomu, na yeyote anayefanya kazi penye ubaridi.

Wako mtiifu, ambaye hajakwenda popote,
Mtafiti wa Mbu,
Chumba cha mwisho, karibu na choo.

Tanbihi: Nilikusudia kuileta barua hii mwenyewe, lakini leo ni siku ya kuwapa mbu damu, na damu yenyewe hutoka mkononi mwangu. Nilimwomba mwenzangu aliyerejeshwa aniazime mkono wake kwa dakika kumi. Amesema haumo kwenye mkataba. Kuhusu ile safari, nisamehe. Sijui nilidhani nani angebaki na mbu hawa.