Hakuna Aliyefunika Kamera

Jumapili, 9 Novemba
Likizo imekubaliwa! Alhamisi napanda ndege hapa Doha, halafu basi hadi mji wa Wote, kwa mke wangu Loice. Amesema nisipofika safari hii tena, nisijisumbue kurudi maisha. Nitafika. Athanas, mwenzangu wa chumbani, amenisimulia habari za Odisea, Mgiriki aliyehangaika baharini akirudi kwa mkewe. Jitu lenye jicho moja lilimfungia pangoni. Akaliambia anaitwa Hakuna-Mtu, kisha akalitoboa jicho. Jitu likalia kwamba Hakuna-Mtu ameliumiza, majirani wakarudi kulala. Mtu mwenye akili kama zangu.

Jumatatu, 10 Novemba
Mudir mpya, yaani mkuu wetu sisi walinzi, ameanza kazi kwetu The Pearl, kwenye majumba tunayolinda. Kiswahili hajui hata cha salamu. Nikageuza kitambulisho, nikamwambia naitwa Hakuna. Mchana nikaivalisha kamera ya geti ninalolinda kofia yangu, nikatoroka kumnunulia Loice manukato. Mudir akanguruma kwenye redio. Hamisi wa chumba cha kamera akamuuliza kwa Kiingereza ni nani aliyeifunika. Hakuna, akasema Mudir. Hamisi akajibu kwamba kama hakuna, basi tumshukuru Mungu. Walinzi wote walicheka.

Ningenyamaza hapo. Lakini ujanja mtamu hivi, sifa ziende kwa Hakuna? Nikashika redio, nikatangaza kwamba ni mimi, Kioko wa Mbithi, wa Wote, kaunti ya Makueni. Nikataja na namba yangu ya kazi.

Likizo imefutwa.

Jumanne, 11 Novemba
Hamisi ameniombea msamaha. Mudir amekubali, ila kesho kwenye gwaride atanigombeza mbele ya wenzangu, kisha niombe radhi. Aibu hiyo siiwezi. Athanas anasema Odisea aliwaziba mabaharia wake masikio kwa nta, wasisikie nyimbo za wanawake wauaji. Nta sina. Pamba ninayo.

Jumatano, 12 Novemba
Pamba nzuri sana. Mudir alipanua mdomo weee, mimi natabasamu tu. Kumbe alikuwa amemaliza kugomba, ananiuliza kama bado nataka kwenda nyumbani. Akauliza tena. Nikatabasamu. Nafasi yangu ya likizo amepewa Collins, mlinzi mwenzangu.

Nimempigia Loice. Hakufoka. Afadhali angefoka. Amesema mbuzi ameshachinjwa, kwa hiyo atamwita Mutai, yule fundi aliyetutengenezea geti la nyumbani, aje ale. Nimelia bafuni mpaka wenzangu wakagonga mlango.

Alhamisi, 13 Novemba
Hamisi amenipatia likizo ya Januari. Safari hii naenda kimyakimya. Odisea alifika kwake amevaa matambara kama ombaomba, akampeleleza mkewe na wanaume waliomnyemelea. Nami nitafanya hivyo. Ili watu wa nyumbani wasiniharibie, nimeweka tangazo kwenye statasi ya simu yangu: Januari mkiona ombaomba mwenye kikapu, msinisalimie, ni mimi, nampeleleza Loice.

Wa kwanza kusoma ni Loice. Wa pili Mutai.

Loice amejibu kwamba siku hiyo mbwa atakuwa amefunguliwa. Mpango umeiva. Athanas anasema hata Odisea, mbwa ndiye aliyemtambua mapema. Huyu wetu alinunuliwa nikiwa tayari Doha, hatujawahi kuonana, lakini damu ni damu.