Vibao Kumi vya Kupandisha Volti

Jumatatu, 14 Julai 2025
Vibao vimefika Gede! Kumi, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti. Unaingiza volti sita, unazungusha skrubu, zinatoka kumi na mbili. Maelezo yanadai kinabeba ampea mbili. Nimepima kimoja kwa mita. Kumi na mbili kamili! Tisa sikuvipima. Vimetoka pakiti moja, vitatofautianaje? Nimevibandika vyote karatasi: "Kimepimwa na Fundi Dena."

Jumanne, 15 Julai
Kenga, fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara, kaja bila kuitwa. Kauliza nimekipima kwa mzigo gani. Nikasema kwa mita. Kasema mita si mzigo: nifunge taa, ningoje saa nzima, nione volti zinashukia wapi. Wivu mtupu!

Alipoondoka nilifunga taa. Dakika mbili. Iliwaka vizuri. Kibao kikaanza kupata moto. Nikazima kabla sijaona jambo la kunisumbua.

Jumatano, 16 Julai
Sidi, jirani yangu mjane, ana mayai sitini kwenye mashine ya kutotolea. Leo siku ya kumi na nane kati ya ishirini na moja, na stima inakatika ovyo. Betri yake ya sola ni volti sita, mashine yataka kumi na mbili. Mteja wa kwanza! Nikamfungia kibao. Aliuliza mara mbili kama kitastahimili. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma polepole, akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Ile pumzi sikuipenda.

Alhamisi, 17 Julai
Stima ilikatika saa nne asubuhi. Nusu saa tu, harufu ya kuungua ikafika kwangu. Nikakimbia. Kibao cheusi tii. Sidi amekaa sakafuni, mayai kayafunika kwa blanketi, mengine kayakumbatia ndani ya leso. Kenga yuko pale tayari, anafunga betri yake mwenyewe, ya volti kumi na mbili. Kaniomba koleo tu. Heri angenitukana.

Nikaanza kukilaumu kibao. Sidi hakuinua macho.

"Kaka Dena, kibao mimi sikijui. Niliyemwamini ni wewe."

Nilirudi dukani nikakaa. Redio ya mteja iko wazi mezani. Sikuigusa.

Jumamosi, 19 Julai
Vifaranga arobaini na mmoja! Sidi kaniita nikaone. Mayai kumi na tisa yamebaki kimya kwenye beseni, na hakuyataja. Kaniwekea kifaranga kiganjani. Kilikuwa chepesi mno, kinatetemeka. Nikataka kumwambia kwamba nilijua kibao kinapata moto, nikazima taa. Nikasema hongera.

Jumapili, 20 Julai
Nimewaza tangu alfajiri, bila chai. Mtu lazima ajikague. Na kosa nimeliona: kibao kilikuwa peke yake! Nitafunga vitatu vitatu, vigawane mzigo. Tisa vilivyobaki vinatosha mafungu matatu. Kupima si lazima, hesabu inajieleza.

Baada ya ibada nimemhakikishia Dorcas, kiongozi wa kwaya, kwamba kwa fungu moja la vibao kinanda chao hakitazimika tena katikati ya wimbo. Hakuuliza swali hata moja. Wateja wa namna hii ni wachache!