Mkono wa Asilimia Tisini na Saba

Jumatatu, 6 Oktoba
Kompyuta imeniaibisha. Inajaribu mkono wa bandia kabla haujatengenezwa: inakunja vidole, inaubebesha mzigo, inatoa alama. Wangu, asilimia 41. Wa Nelly, ninayeshindana naye hapa chuoni, 63. Akaniuliza kama naumwa. Alipokwenda kunywa chai nikaongeza namba ya msuguano wa kiganja, yaani kinavyong'ang'ania kitu kisiteleze, kidogo tu. Mara tatu. Asilimia 97! Msimamizi amenipongeza mbele ya Nelly.

Jumatano, 8 Oktoba
Mkono umetoka kwenye printa. Plastiki tupu, bei ya baiskeli ya mtumba. Wa kuujaribu ni Mzee Magesa wa Samuye, aliyekatwa mkono na karasha la kusagia mawe ya dhahabu huko Geita. Ameshika kikombe. Mkewe, Mama Bhoke, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akanipa jogoo. Nelly hajapewa hata yai.

Alhamisi, 9 Oktoba
Jogoo nimemwacha sahanini. Mzee Magesa anarudi Geita Jumamosi. Nilidhani anakwenda kusalimia. Kumbe kushuka duara, shimo la wachimba dhahabu, mita arobaini, kwa kamba! Asipofika, nafasi yake anapewa mwingine. Nikamwambia hiyo kazi ni ya vijana. Akajibu kwamba kompyuta yangu imesema tisini na saba, na yeye kwa mkono aliozaliwa nao hajawahi kupata tisini na saba katika jambo lolote. Naogopa. Akianguka, nimemsukuma mimi. Ningeweza kusema ukweli, lakini Nelly angesikia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimepata mpango. Nimekwenda Samuye, nikasema nimekuja kukaza skrubu. Nikalegeza ya dole gumba. Mkono umfie nyumbani, kwenye kikombe, asisafiri. Mama Bhoke akanishukuru kwa uji.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimefika kwao saa moja asubuhi. Mama Bhoke anasema kikombe hakikuanguka. Mzee ameshaondoka na mkono wake. Nimempigia mara kumi na tisa, hapatikani. Nimesali sala zote ninazozijua, kisha nikamwomba Abdu wa dukani anisomee na dua ya kwao.

Jumapili, 12 Oktoba
Amepiga mwenyewe. Mzima! Skrubu alikuta imelegea, akaikaza. Halafu, kabla ya kushuka, akaufumbatisha mkono kwenye kamba, akauning'inizia gunia la mawe. Likaanguka. Mara tatu likaanguka. Akavua katambuga, kiatu chake cha tairi, akakata kipande, akakishonea kiganjani. Gunia likakaa. Ndipo akashuka. Akaniambia taratibu: mwanangu, kompyuta haijawahi kuingia duarani. Nimelia kama mtoto.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimeingiza msuguano wa tairi kwenye kompyuta. Asilimia 97 kamili! Kwa hiyo sikudanganya, nilitangulia tu. Nelly amehamisha kiti chake mbali na changu. Wivu.
Kesho naanza mguu wa bandia. Masudi, fundi wa kupanda nguzo za umeme, ameshauomba. Sijauchora bado. Alama nimeshamwambia: 99.