Kocha Wekoye na Mlo wa Pangoni

Wekoye aliingia duka la dawa mjini Kitale kutafuta dawa ya jino, akatoka na kazi.

Mbele yake kwenye foleni alisimama Mzee Rotich, afisa wa ardhi aliyestaafu, tumbo lake limetangulia kwenye kaunta kana kwamba ndilo lililoandikiwa dawa. Alikuwa akimlalamikia mkewe, Chepkemei.

"Ati nipunguze ugali. Huyo daktari si ni wa Kimilili? Yeye mwenyewe amepunguza?"

"Alisema pia sukari," Chepkemei akamkumbusha. "Na mkate. Na ile mandazi unakulanga kwa Khisa ukidhani sijui."

"Sasa nibaki na nini, mama? Nyasi?"

Jino la Wekoye likaacha kuuma papo hapo.

Si haki kusema kwamba Wekoye alikuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amejaliwa ulimi wa watu watatu na uvivu wa watu wanne. Kule Bungoma aliwahi kuuza mayai ya kware yanayotibu kila kitu, mpaka wateja wakaanza kumuulizia kwa jina lake kamili, na hapo ndipo alipogundua kwamba hali ya hewa ya Kitale inamfaa zaidi. Juzi tu, ili bando lake la intaneti lisiishe bure, alikuwa ametazama video ya Mzungu mmoja kifua wazi akisifu mlo uitwao paleo. Mwili wa binadamu, alidai yule Mzungu, ulizoea maisha ya pangoni, ya kuwinda na kuokota matunda. Nafaka uliletewa juzijuzi tu. Kwa hivyo mtu ale nyama, samaki, mayai, mboga na matunda. Aachane na ugali, mkate, maharagwe, maziwa, sukari na chochote kinachouzwa kwenye pakiti.

"Mzee wangu, samahani," Wekoye alisema kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. "Hiyo shida yako mimi niliitoa kwa mwili wangu mwenyewe."

Rotich akamkagua. Wekoye alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, na sababu yake ilikuwa njaa. "Wewe ulikuwa mnene?"

"Mzee, huo mlango haungenitosha."

Kufikia Jumamosi kikundi cha Mlo wa Pangoni kilikuwa kimeketi sebuleni kwa Rotich, na Wekoye alikuwa ameshakuwa Kocha. Wanachama hawakuwa wengi, lakini wote walikuwa na uwezo: Rotich mwenye kisukari, Khisa wa yale mandazi, mwalimu mkuu ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka kumbeba, na Mama Phelista, mkulima wa mahindi kule Kiminini, aliyetaka kuingia tena katika gauni la harusi ya binti yake wa kwanza kabla ya harusi ya wa pili.

Matatizo yalianza mapema. Kocha alipofika kwenye maziwa, Rotich akainua mkono.

"Mimi ni mtu wa kule Kapsokwony. Babu yangu aliishi kwa pango kabisa, pale Elgon. Alikuwa na ng'ombe humo ndani, na alikuwa anakunywa maziwa asubuhi na jioni. Sasa hiyo pango yako ni gani?"

Watu wakamgeukia Kocha. Wekoye akafumba macho kidogo, kama msomi anayevumilia.

"Mzee, hiyo ya babu ilikuwa pango ya kisasa. Mimi naongea juu ya ile ya kwanza."

Khisa akaitikia kwa kichwa. Hakuelewa, lakini yeye alikuwa mwalimu mkuu.

Ada ya kikundi ilikuwa ndogo, na hapo ndipo ujanja ulipokuwa. Donge lenyewe lilikuwa kwenye stoo za wanachama. "Huwezi kulala na adui kwa nyumba moja," Kocha aliwafundisha. "Ile gunia ya mahindi iko jikoni inakuita usiku kwa jina. Nipeni mimi hiyo majaribu. Kuna makao ya watoto yatima huko Bungoma. Watoto bado wanakua, nafaka haiwadhuru."

Watu wakatoa mahindi, maharagwe, unga na sukari, kila mmoja akitaka aonekane ametoa kuliko mwenzake. Chepkemei peke yake alificha debe moja la unga chini ya kitanda cha wageni, akanyamaza.

Mahindi hayakuwaona watoto. Yalishuka Bungoma kwa pikapu ya kukodi, Wekoye akiwa amevuta kofia hadi kwenye nyusi, mpaka kwenye hoteli moja karibu na reli iliyomilikiwa na mama aitwaye Peris. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache na sufuria kubwa. Wekoye alimwambia kwamba mavuno ni ya shamba lake, akaagiza ugali kwa kuku na mrenda, akala mpaka jasho likamtoka. Wiki nzima alikuwa ametafuna majani mbele ya wateja.

"Usiuze sasa," Peris alimshauri akimwongezea mchuzi. "Bei iko chini. Weka kwa stoo yangu, tungoje ipande. Wewe leta tu."

Wekoye alimwona kuwa mama wa busara. Akaleta safari baada ya safari. Hakujua kwamba Peris alikuwa mdogo wake Mama Phelista, tumbo moja, na kwamba gunia la kwanza tu lililoshushwa lilikuwa na jina la dada mtu kwa maandishi mekundu, mwandiko ambao Peris aliujua tangu shule ya msingi. Wekoye hakuuliza, na Peris hakuwa mtu wa kueleza asichoulizwa.

Kule Kitale kulitokea jambo lililomshangaza Kocha kuliko mtu yeyote: mlo ulifanya kazi. Tumbo la Rotich lilirudi nyuma ya mkanda. Khisa alipanda ngazi za ofisi bila kupumzika katikati, na Mama Phelista akalala usiku mzima bila kiungulia. Lakini malalamiko nayo yalikuja. Nyama ilikuwa imewamaliza mifuko. Khisa alikuwa hajaenda choo vizuri tangu mwezi ule uanze, na alilieleza hilo kwa kirefu. Mama Phelista alikuwa amekuwa mkali hata kuku walimkimbia, na wanawe walikuwa wamehamia kula kwa jirani.

Halafu Jumamosi moja, Wekoye akiwa katikati ya somo la mizizi, Rotich akanyamaza ghafla. Jasho likamtiririka, mikono ikatetemeka, akamwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekufa. Kisha akainama polepole hadi begani kwa Khisa.

"Mpeni maji," Wekoye alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mafuta.

Chepkemei hakungoja ruhusa ya kocha. Alikimbia jikoni akarudi na chupa ya soda aliyokuwa ameificha nyuma ya sufuria, akamnywesha mumewe kidogokidogo, akimpangusa jasho kwa kanga. Wekoye alisimama na karoti mkononi. Alikuwa amedanganya watu wengi, lakini hakuwahi kumwona mmoja wao akiondoka mbele ya macho yake.

Rotich alirudiwa na fahamu. Hospitalini daktari alieleza kwamba mlo ulikuwa umeshusha sukari, na vidonge vya zamani vikaishusha tena juu ya hapo. Alipunguza vidonge, akamgombeza mzee kwa kubadilisha chakula bila kumwambia mtu.

Wekoye hakusubiri aulizwe. Aliamua kuchukua mali yake Bungoma na kutafuta hali nyingine ya hewa, pengine Eldoret.

Alifika kwa Peris saa za chakula cha mchana, akasimama mlangoni kama mti. Kwenye meza kubwa waliketi Rotich na Chepkemei, Khisa na Mama Phelista, na katikati yao ugali ukitoa mvuke.

"Kocha," Rotich alisema, akainuka na kumkumbatia. "Tumetoka kuwaona watoto. Kumbe ni kweli. Ile chakula yote iliingia, gunia zote. Wametuimbia, wakakutaja wewe jina."

Khisa alipangusa macho. Mama Phelista hakupangusa chochote. Alimtazama Wekoye na kutabasamu kwa meno yote.

Peris akamvuta hadi mlango wa jikoni. "Nilipeleka yote juzi, kwa jina lako," alimwambia taratibu. "Dada alitaka polisi. Mimi nikasema hapana, huyu kijana ana roho ya kutoa, ni vile hajajua. Sasa nenda ukae na watu wako. Na wale wa mayai ya kware nao wameskia uko mjini, kwa hivyo usikae sana."

Wekoye akakaa. Peris akamwekea sahani ya majani na yai moja la kuchemsha.

"Kocha, tuamue leo," Khisa alisema. "Sisi tumepima. Mwili umepungua, ni kweli. Lakini mfuko pia umepungua, na mimi choo ni shida. Tuendelee ama turudie ugali?"

Wote wakamngoja. Wekoye alitazama ugali, akatazama uso wa Rotich uliokuwa bado na weupe kidogo. Akatafuta uongo, akakosa wenye nguvu.

"Sukari muache," alisema. "Na soda, na mandazi ya kwa Khisa. Mboga mle nyingi hivyo hivyo. Maziwa mnywe, babu ya mzee hakukosea. Maharagwe mle, mwalimu atasaidika. Ugali mle, lakini ya kuenea kwa ngumi, si ya kuenea kwa sinia. Na mzee, usibadilishe kitu bila daktari."

"Hiyo si ndiyo daktari alisema tangu mwanzo?" Chepkemei aliuliza. "Na yeye hakuchukua hata gunia moja."

Mama Phelista alimega kipande cha ugali, kiasi cha ngumi, akakiweka kwenye sahani ya Wekoye, akamsogezea mrenda.

"Kula haraka, kijana wangu," alisema. "Kuna mtu hapo nje anakuulizia kwa jina lako kamili."