Lenzi ya Ostap na Picha ya Kaburi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Nimeamua. Mwaka huu naoa!

Melaniya hana tatizo na mimi. Ni mpishi wa kantini yetu hapa kiwanda cha vifungo vya nguo, mwanamke wa maneno machache, na amesema kwa kinywa chake kwamba mimi ni nafuu kuliko kukaa bure. Tatizo ni mama yake. Mama Paraska anatimiza miaka sabini Jumamosi. Sanduku lake la maziko liko tayari siku nyingi: gauni, kitambaa cha kichwa, viatu visivyowahi kugusa ardhi. Kinachokosekana ni picha ya kubandikwa kwenye jiwe la kaburi. Wapiga picha wa nusu ya Kharkiv wamejaribu, wote wakafukuzwa. Anasema wanamletea picha za kizee fulani asiyemjua. Sasa ametangaza kwamba atakayempiga picha anayoweza kulala nayo milele, huyo ndiye atampa Melaniya.

Leo kwenye foleni ya supu ya borshi nikamwambia Melaniya kazi hiyo ni yangu. Kumbe Ostap yuko nyuma yangu! Ostap wa uhasibu. Mjane, mrefu, mkwasi wa machungwa, na machungwa yote huishia mikononi mwa Melaniya. Akasema naye atakuja na kamera yake mpya, Zenit. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Ndugu Zinoviy, safari hii utakumbuka kutoa kifuniko?"

Foleni nzima ikacheka. Hata mama wa kuosha vyombo.

Ni kweli, Mei Mosi nilipiga picha gwaride zima na kifuniko kikiwa juu ya lenzi. Lakini nani hajui? Kamera yangu ni FED ya marehemu mjomba. Kidirisha cha kuchungulia kiko juu kabisa, hakipiti kwenye lenzi. Funika lenzi kwa kofia ukitaka, dirishani utaona dunia yote inameremeta. Angeweza kusahau yeyote. Na tangu siku ile kifuniko nakitia mfuko wa kushoto, halafu nakigusagusa.

Jumanne, 10 Septemba

Kikao cha chama cha wapiga picha wa kiwanda. Ostap ameleta picha ya Melaniya akimenya bitiruti. Kila kope inahesabika. Mimi pia nilikuwa na picha ya Melaniya akimenya bitiruti. Aproni imetoka vizuri, kichwa hakimo. Mtu akisogea karibu, kidirisha kinaona hiki na lenzi inaona kile.

Nikameza kiburi, nikamuuliza siri yake. Akajibu mbele ya wote, "Siri ni vitu viwili, bwana: lenzi na akili. Lenzi inapatikana dukani."

Wakacheka tena. Nikacheka na mimi, ili nisijulikane nimeumia.

Lakini nimeshika neno moja. Lenzi! Niliinama nikaichunguza kamera yake. Lenzi yake imeandikwa Industar. Yangu imeandikwa Industar. Yake fupi na bapa, yangu imenyanyuka kidogo. Zote hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na mdomo ni ule ule.

Usingizi utachelewa kuja leo. Nina wazo.

Alhamisi, 12 Septemba

Imefanyika!

Ostap aliingia chumba cha giza cha chama kusafisha filamu, Zenit akaiacha mezani, peke yake kama mtoto yatima. Nikazungusha yake ikatoka. Nikazungusha yangu ikatoka. Nikaweka yake kwangu, yangu kwake. Zikaingia laini, hata mlio hakuna. Kitu kikiingia vizuri hivyo, basi mahali ni pake.

Huu si wizi. Mwizi huchukua asiache kitu. Mimi nimeacha.

Jambo dogo. FED ina utaratibu wake: dirishani unaona taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka ziungane, hapo ndipo umepata umbali. Jioni hii nimezungusha na kuzungusha, taswira zimegoma kuungana. Nimetafakari nikaelewa. Lenzi bora haihitaji kubembelezwa. Nitapima umbali kwa futi ya fundi cherehani.

Nimefarijika kuliko nilivyofarijika mwaka wote huu.

Ijumaa, 13 Septemba

Ostap hakuja kazini asubuhi. Alikuwa kliniki ya macho! Zenit yake humwonyesha kile kile ambacho lenzi inaona, na tangu jana anachoona ni ukungu mtupu. Anadhani anapofuka. Daktari amempima, akasema macho ni mazima, ila ale karoti.

Nilimhurumia kwa muda wa kunywa chai. Baadaye furaha ikanishinda, nikaenda kucheka kwenye ghala ninalolitunza, katikati ya mifuko ya vifungo vya makoti.

Mchana nikaona kitu kilichonikata kicheko. Melaniya anampakulia Ostap saladi ya karoti. Sahani ya pili! Hakumlipisha. Akamwambia pole, tena akamgusa bega. Mimi nimefanya kazi yote ile ya hatari, yeye anaguswa bega.

Jumamosi, 14 Septemba

Sherehe ya Mama Paraska. Nyama ya jeli, vareniki, yale maandazi ya kuchemsha: vareniki za viazi, vareniki za jibini, vareniki za cheri. Pombe kali ya mjomba fulani wa kijijini. Mama mwenyewe kaketi chini ya taa, kitambaa cheusi cha mawaridi kichwani, mgongo umenyooka, uso wa mtu anayengoja kufukuza mpiga picha mwingine.

Nikatoa futi. Nikaivuta kutoka kwenye lenzi hadi kwenye pua yake.

"Zinoviy Prokopovych," akasema, "jeneza bado. Wewe piga picha tu."

Meza nzima ikapasuka kwa kicheko. Melaniya naye alicheka, nikaona. Nikaapa moyoni kwamba sitatetereka. Kifuniko kiko wapi? Mfuko wa kushoto. Nikakigusa tena. Kipo. Nikavuta filamu kwanza ndipo nikabadilisha kasi, kama mjomba alivyoniusia, maana ukianza kubadilisha kasi unaiharibu mashine. Dirishani kila kitu kinang'aa: mawaridi, makunyanzi, chunjua ya shavuni, hata unywele ulioota kwenye chunjua. Nikapiga filamu yote.

Na Ostap? Kajikunyata pembeni kama kuku wa mvua. Hakumpiga Mama hata picha moja. Muda wote kamera kaielekeza kwenye kifungo cha koti lake mwenyewe, karibu kabisa, kama mtu anayekinusa. Melaniya akaniuliza kwa kunong'ona kama ameanza kuchanganyikiwa. Nikasema kwa huzuni kwamba dalili zipo.

Siku yangu! Nimerudi nyumbani naimba.

Jumapili, 15 Septemba

Nimekwisha.

Nimesafisha filamu bafuni, bafu la familia nne, huku jirani akigonga mlango kwamba anataka kuosha matango yake ya kutia chumvi. Nikamwambia historia inaandikwa humu. Akasema iandikwe haraka, matango yananyauka.

Nikainua filamu kwenye taa. Ukungu! Picha ya kwanza ukungu, ya mwisho ukungu. Mama Paraska ametoka kama mvuke wa sufuria uliovaa kitambaa. Macho mawili yanakisiwa, mdomo unadhaniwa. Nikakaa ukingoni mwa bafu. Lenzi ile ile ya Ostap, ile ya kope zinazohesabika! Kwake inaona, kwangu kipofu. Hata lenzi inamtetea.

Nimechapisha ile yenye unafuu. Nimefikiria kukimbilia kwa dada yangu Poltava. Nimefunga begi. Nimelifungua, sina soksi safi.

Jumatatu, 16 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Melaniya alinisindikiza kwao baada ya kazi. Ningesema picha imepotea, lakini alishaiona bahasha mfukoni mwangu, akaichomoa, akampa mama yake bila kuifungua. Mama Paraska akaenda nayo dirishani. Saa ya ukutani inasikika. Nikaanza kusema kwamba hali ya hewa siku ile ilikuwa ya unyevu.

Akageuka. Analia!

"Melaniya, njoo umwone mama yako," akasema. "Huyu ndiye mimi! Wale wengine walikuwa wananipiga picha ya bibi yangu."

Melaniya akaitazama. Akanitazama. Akaitazama tena. Chunjua hakuna. Makunyanzi hakuna. Umri hakuna. Uso wenyewe upo kidogo tu. Mama akaibusu, akaifunika kwa taulo jeupe, akaiweka sandukuni juu ya viatu. Akaniita mwanangu. Akanilisha mpaka nikafungua mkanda. Shoga zake wawili wa ghorofa ya chini wakaja kutazama, wote wawili wakaniomba niwapige za makaburi yao, kwa ukungu ule ule.

Nikawaambia ule si ukungu, ni ufundi wa mkono.

Nimepona! Nimepona, nimepona.

Jumatano, 18 Septemba

Onyesho la picha la kiwanda. Mada: Kazi Yetu. Zawadi: tiketi ya wiki tatu kwenye nyumba ya mapumziko kule baharini. Mimi nilipeleka ghala langu, picha ya zamani. Wakaitundika nyuma ya mlango.

Ostap ameshinda. Kwa picha ya kifungo! Kifungo cha koti lake, kimejaa ukuta, kikubwa kama mwezi, matundu manne kama visima, uzi umejisokota kama kamba ya meli. Mkurugenzi alivaa miwani, akaisogelea. Mwishowe akatamka kwamba ametengeneza vifungo maisha yake yote na leo ndiyo mara ya kwanza kukiona kimoja. Makofi. Melaniya alipiga makofi pia, marefu kuliko ilivyohitajika.

Nikaenda kumpa Ostap mkono. Aliushika, hakuuachia. Akaniinamia sikioni akasema kesho tukutane nyuma ya ghala.

Ametumia sauti nisiyoipenda.

Alhamisi, 19 Septemba

Anajua kila kitu.

Kumbe mjomba alikwaruza herufi za jina lake kwenye ukingo wa lenzi. Miaka yote hii sikuziona! Ostap alikuja nayo kiganjani. Akanifokea kwa kunong'ona, maana kina mama wa mashine walikuwa wanavuta sigara karibu. "Mimi nakula karoti kama sungura, natia dawa machoni, kumbe ni wewe, mshenzi wewe!" Akanieleza kwamba FED na Zenit zina mdomo mmoja lakini hazina tumbo moja. Zenit ina kioo ndani, kwa hiyo lenzi yake imetengenezwa kukaa mbali na filamu. Ukiifunga kwangu inakuwa karibu mno, haioni chochote sawasawa. Yangu ikifungwa kwake inakuwa mbali mno, inaona vya puani tu. Vifungo, kwa mfano.

Kisha akasema jioni anakwenda kwa Melaniya kumweleza mchumba wake ni mtu wa namna gani. Na Mama Paraska atasikia.

Nikamwona Melaniya akiondoka, vareniki zikiondoka, neno mwanangu likiondoka. Nikafungua mdomo kuomba msamaha, na kwa woga yakatoka maneno mengine kabisa. Nikasema sawa, na mkurugenzi naye asikie kile kifungo kimepigwa na lenzi ya nani.

Ostap akageuka kutazama kama kuna anayesikia. Mkono ukaenda polepole mfukoni, ukapapasa tiketi.

Tukabadilishana lenzi pale pale nyuma ya ghala, kila mtu yake, tukapeana mikono kama mabalozi. Akaniambia, kwa upole sasa, kwamba shida yangu haijawahi kuwa lenzi, niwe natazama kamera yangu kabla ya kutazama ya mwenzangu. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nawaza wiki tatu bila machungwa.

Ukiangalia vizuri, mpango wangu umefaulu. Nimepata mchumba, na mpinzani nimempeleka baharini. Nani mwingine angeweza kupanga hivyo?

Jumamosi, 21 Septemba

Siku ya siku! Ostap ameondoka kwa treni ya asubuhi. Mimi na Melaniya tumekwenda ofisi ya ndoa kuandikisha maombi. Karani akasema kwa sheria tunapewa mwezi mzima wa kufikiri. Melaniya akamjibu kwamba mtu kama mimi ukimfikiria mwezi mzima huolewi, lakini sheria ni sheria. Nimeyachukulia hayo kama maneno ya mapenzi.

Tangu alfajiri nilikuwa na hofu moja tu, lenzi. Mjini kuna watu wanabadilisha lenzi za wenzao, siku hizi humwamini mtu. Kwa hiyo kifuniko nilikikaza kabla sijatoka nyumbani, nikatembea mkono mmoja kwa Melaniya na mwingine juu ya kamera. Hakuna aliyeigusa!

Kisha nikapiga. Melaniya ngazini na maua ya asta. Melaniya akicheka, na yeye hacheki ovyo. Mama Paraska katikati, kashika mikono yetu wote wawili, akitubariki huku machozi yanamtoka. Mpita njia alijitolea kutupiga, nikamkatalia, kamera ya namna hii inataka mjuzi. Dirishani kila kitu kiling'aa: maua, machozi, jua kwenye nywele za Melaniya. Sijawahi kuona picha nzuri namna ile. Nimemaliza filamu yote, kamera nimeifunga mkobani, kesho naingia bafuni kabla ya yule wa matango.

Jambo dogo tu. Kifuniko sikioni. Nimepekua mfuko wa kushoto, wa kulia, hata mkoba wa Melaniya. Hakipo. Haidhuru. Kifuniko nitanunua kingine, siku kama ya leo haiji mara mbili.