Daraja la Meya, Siku Moja Kabla ya Kura

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mjomba wangu. Waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru. Wakuu wa idara, makaimu wao, na wanaokaimu nafasi za makaimu. Mama Meya, mke wangu mpenzi. Wazee wetu, kina mama, vijana, na wanahabari ambao nauli yenu imeshughulikiwa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Nimesimama mbele yenu kama Meya wa jiji hili, na kesho, mkipiga kura kwa akili timamu, nitaendelea kusimama. Tumekusanyika kuzindua daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, mradi ambao, kwa mujibu wa ripoti ya tathmini niliyoiandika mwenyewe, umekamilika kwa asilimia mia moja na tatu, hizo tatu zikiwa ni ziada ya uongozi bora. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Chimbuko la mradi huu ni ndugu yetu fundi viatu, yule pale aliyekaa kando ya spika. Mwaka jana alikuwa anavuka barabara hii kwenda kwenye kibanda chake, lori likamgonga, akakatwa mguu. Nilifika wodini siku iyo hiyo, mimi na wapiga picha wangu, nikamshika mkono, nikamwahidi daraja. Na hakuna baya lisilo na jema lake: leo fundi wetu anahitaji kiatu kimoja tu, hivyo matumizi yake ya viatu yameshuka kwa asilimia hamsini. (Mama Meya anatazama chini.)

Mpinzani wangu, kama mjuavyo, ni shemeji yangu, dada wa Mama Meya, aliyekuwa naibu wangu. Yeye alikwenda wodini bila mpiga picha hata mmoja, jambo linalodhihirisha udhaifu wake katika mawasiliano ya kimkakati. Akarudi ofisini, akauliza ujenzi unaanza lini. Nikamweleza kwa upole kwamba mradi uko kwenye mchakato. Akauliza huo mchakato uko wapi, akauone. Nikamwambia, shemeji, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akasema maji machafu hayaogwi, akaweka funguo za gari la ofisi mezani, na kesho yake akatangaza kugombea kiti changu. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu zangu. (Vicheko kutoka nyuma.) Tangu siku hiyo, nyumbani kwangu chai huletwa bila sukari, lakini kiongozi hatetereki.

Naona fundi viatu amenyoosha mkono. Itifaki hairuhusu, ila mimi ni msikivu. Mpeni kipaza sauti.

(Fundi viatu anainuka kwa magongo yake. “Mheshimiwa, mimi sina mengi. Tangulia wewe kuvuka, sisi tutafuata.”)

Ahsante kwa mchango huo. Wataalamu wameshauri daraja lipumzike kwanza kabla halijakanyagwa. (Minong'ono. Watu wa nyuma wanaanza kuondoka.) Jamani, kaeni. Mbona mnaelekea barabarani? Nani kasimamisha magari? Shemeji, kusimama katikati ya lami na kunyoosha mikono ni jukumu la Idara ya Usalama Barabarani, na wewe huna barua ya uteuzi. Huyo fundi asivuke kabla sijakata utepe. Mama Meya, rudi, kiti chako ni hiki hapa. (Mama Meya anatembea sambamba na fundi viatu, taratibu, hadi ng'ambo.)

Basi, nihitimishe. Meya yule yule, muhula mwingine! Tumeanza, tumemaliza, tutaanza tena! (Mjomba anapiga makofi.) Nawashukuru wote mliobaki, na kwa namna ya pekee namshukuru mchoraji aliyelichora daraja letu kwenye turubai hili kwa ustadi mkubwa. Mjomba, tafadhali usiliegemee, rangi haijakauka.