Mwenye Nyumba wa Siku Kumi

Mwanamke anayesimama barabarani akikodolea macho paa la nyumba ya watu ni mwizi, au anatafuta pa kupanga. Huyu aliyesimama mtaani Nyamugari Jumatano ile, Uthmani alimpima kwa dakika moja akaamua. Viatu vilikuwa na vumbi la safari, begi lilijaa madaftari, na wezi hawabebi mwavuli. Akamalizia chai yake, akafuta mdomo, akavaa sura ya mtu mwenye mali.

Uthmani alikuwa komisioneri, yaani mtu anayekutafutia nyumba mpaka pesa zako ziishe. Tangu Gitega iwe makao makuu ya Burundi, wageni walikuwa wengi na nyumba chache, na mdomo wake ulikuwa umejenga vyumba vingi kuliko mafundi wote wa mji. Alikuwa na akiba ya nusu ya bei ya pikipiki. Mwenye pikipiki alishamwambia waziwazi: nusu ya pili ije kabla ya mwezi kuisha, la sivyo anampa mwingine. Zilibaki siku kumi na moja.

Nyumba iliyokuwa inatazamwa ilikuwa ya Mama Kadidja, mjane mwuza vitenge aliyehamia Muyinga kwa binti yake. Siku ya kuondoka alimtuma Uthmani kununua kitasa kipya. Kitasa kile kilikuja na funguo tatu. Mama Kadidja alipewa mbili.

"Karibu, madamu! Unaangalia nyumba yangu?"

Mwanamke akageuka. "Yako?"

"Yangu kabisa. Marehemu baba aliniachia. Mi ndo Uthmani."

"Mimi Theodosia, mwalimu. Natoka Muyinga. Nimehamishiwa shule moja kule Mushasha, nina watoto wanne, na masomo yanaanza baada ya wiki mbili." Akamtazama kuanzia juu mpaka chini, halafu akaitazama nyumba vile vile. "Haya, fungua."

Jina la Muyinga lilimchoma Uthmani kidogo. Lakini Muyinga ni kubwa, alijiambia, na wauza vitenge kule hawana hesabu. Akafungua.

Theodosia hakusifia kitu. Aliomba ndoo ya maji kwa jirani, akayamwaga sebuleni aone yanakimbilia wapi. Aliingia chooni akatoka upesi. Akapanda juu ya kiti, akagusa dari.

"Hapa panavuja."

"Non, madamu, hiyo ni alama ya zamani."

"Ya zamani ingekuwa imekauka. Weka mkono."

Uthmani akaweka mkono. Ulirudi umelowa.

"Unataka miezi mingapi mbele?" akauliza Theodosia.

"Miezi sita," alisema Uthmani, akijua watateremka mpaka mitatu.

"Nitalipa mwaka mzima."

Uthmani akakohoa. Mwaka mzima ulikuwa pikipiki, kofia ya pikipiki, na labda hata mke wa kupakia nyuma.

"Lakini silipii nyumba inayovuja," Theodosia akaendelea. "Mwenye nyumba atengeneze, mpangaji alipe. Kwenu Gitega si ndivyo?"

"Ndo hivyo, madamu! Hata sisi tuko na ustaarabu."

Mwalimu akachomoa kalamu nyekundu, akaandika makosa ya nyumba ukurasa mzima, upande wa mbele na wa nyuma, akampa kama anayerudisha mtihani.

Mabati mapya yalikula gurudumu la mbele la pikipiki. Ndivyo Uthmani alivyokuwa akihesabu sasa. Choo kilikula kiti. Kila siku saa kumi alasiri Theodosia alifika na mwavuli wake, akagonga hapa, akasukuma pale, akaweka alama kwenye karatasi.

"Dirisha je?"

"Ah, madamu, dirisha ni kitu kidogo. Utaweka pazia."

"Pazia linazuia mbu? Sawa. Kuna mzee mmoja Mushasha naye ana nyumba. Nitamwendea."

"Mama yangu, kwani nimekataa? Nilikuwa naongea tu!"

Kioo kikala gurudumu la nyuma.

Maji nayo yalikuwa yamekatwa kwa deni. Uthmani alipanga foleni asubuhi nzima kulipa bili ya mtu mwingine, na karani aliita "Kadidja!" mara tatu kabla hajaitika.

Majirani hawakuuliza kitu. Walijua Mama Kadidja alizoea kumtuma, wakadhani amemtuma tena. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo alimpungia mkono: "Uthmani, unafanya kazi nzuri! Mungu akulipe."

"Amina," alijibu Uthmani, na dua ile aliitoa moyoni kabisa.

Hapa inafaa kusema neno moja la busara. Tapeli akishaweka pesa yake mwenyewe ndani ya uongo wake, anaanza kuuamini. Siku ya tano Uthmani alikuwa anawakataza watoto wa mtaani kuegemea ukuta. Siku ya saba aliokota uchafu uani bila kuambiwa. Siku ya nane alimfokea mbuzi wa jirani aliyekuwa anajikuna kwenye nguzo, akamwuliza kama anajua nguzo inagharimu kiasi gani. Akiba ilikuwa imebakia taa na honi. Lakini keshokutwa yake ulikuwa unakuja mwaka mzima, taslimu, na pikipiki ingerudi yote.

Siku ya kumi, Jumamosi, aliamka mapema akapaka mlango rangi ya buluu kwa mkono wake. Hilo halikuwa kwenye karatasi. Alifanya tu kwa sababu ulikuwa unaaibisha nyumba.

Saa nne lori likasimama. Wakashuka watoto wanne, magodoro, masufuria, na Theodosia akiwa na mwavuli. Nyuma yake alikuja Mzee Sudi, nyumbakumi, kiongozi wa kaya za pale, amebeba daftari la kaya kwapani. Kwetu mtu hahamii kimyakimya. Daftari lile linaeleza nyumba ni ya nani, kapanga nani, na nani anaingia humo kwa kazi gani. Uthmani alikuwa amepanga kupokea pesa na kupotea kabla halijafunguliwa.

"Madamu, tumalize kwanza mambo yetu sisi wawili. Mzee Sudi atarudi jioni."

"Mzee Sudi ni mtu mzima, hatumzungushi. Tuanze na yeye."

Mzee Sudi akavaa miwani, akalamba kidole, akafunua. "Bon. Nyumba ya Kadidja, mwenyewe iko Muyinga. Mpangaji Theodosia, watoto wanne. Iliandikwa Jumatano ile, saa mbili asubuhi. Barua ya mwenye nyumba ndo hii, na sahihi yake." Akainua macho. "Hapo iko sawa. Lakini we, Uthmani, siku kumi nakuona unaingia, unatoka, na mi sijakuandika. Nikuandike nani?"

Uthmani alimgeukia Theodosia. "We ulijua?"

"Nilikuwa natoka kwa Mzee Sudi, nakuja kufungua nyumba. Mama Kadidja alishaniambia inavuja na hana uwezo wa kuitengeneza, nivumilie mwaka huu. Nikasimama pale nje nawaza watoto nitawalaza wapi mvua ikinyesha. Halafu akatokea mwenye nyumba mwingine, mwenye uwezo."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Kelele zinaziba paa?"

Mzee Sudi akagonga daftari kwa kalamu. "Mi nangoja. Nikiandika mwenye nyumba, polisi itataka kuona hati. Nikiandika mgeni, nauliza mgeni wa nani."

Uthmani aliangalia mabati, kioo, bomba lililokuwa linatoa maji safi kwenye ndoo ya mtoto. Pikipiki yake yote ilikuwa pale, imepigiliwa misumari.

"Fundi," alisema polepole.

"Fundi. Vizuri. Fundi amelipwa ao bado?"

Hapo Uthmani alianza kupiga hesabu, kwa maana hata ndani ya shimo mtu hutafuta ngazi. Theodosia akatoa simu.

"Kama bado, tumpigie Mama Kadidja. Tumwulize alimtuma lini, na walipatana bei gani."

"Nimelipwa!" Uthmani akaruka. "Nimelipwa yote! Hanidai, simdai!"

"Tia sahihi," akasema Mzee Sudi. Uthmani akatia sahihi, akaacha ufunguo juu ya daftari bila kuombwa.

Watoto walikuwa tayari wanagombania chumba chenye kioo kipya. Theodosia akachukua kona moja ya godoro, akamwita mkubwa ashike nyingine, halafu akakumbuka kitu.

"Fundi!"

Uthmani akageuka mlangoni, na uso wake ukawa na tumaini kidogo.

"Ukitoka funga taratibu. Rangi bado mbichi."

Akaufunga kwa vidole viwili, kwa uangalifu mkubwa.